Kwa Mke Mwenzangu, Juu ya Breki za Mfaransa

Dada Nduku, mke mwenzangu,

Siku tulipokuzika Masii, watu walipanga foleni kumpa pole mwanao Musyoka. Wakitoka kwa Musyoka walikwenda kwa dada zako, na wakitoka kwa dada zako walikwenda hata kwa yule jirani aliyekuwa akikukamia ng'ombe. Walipofika kwangu, mikono ilisita. Mama mmoja aliniinamia akaninong'oneza, "Sasa umebaki peke yako na mambo yote ya mzee," kwa sauti ya mtu anayetoa hongera. Wengine walinikazia macho kuona kama machozi yale ni ya kweli. Sikuwalaumu. Mke wa pili akimlilia mke wa kwanza, watu hawajui waweke wapi mikono yao.

Ungekuwapo ungewafokea. Lakini wewe ndiye tuliyekuwa tukikuzika, kwa hiyo nilisimama kando ya boma, nikajifunika mtandio, nikangoja mwisho.

Tangu siku hiyo nimekaa na maneno kifuani. Zuhura, binti yangu, nikimwambia nakukumbuka hunijibu, "Mama, si mlikuwa hamsalimiani nyinyi?" Kweli, kulikuwa na miaka ya hivyo. Nayaandika haya kwako, na yeyote atakayeyasoma akae aelewe kwa nini nililia.

Unakumbuka tulivyoishi. Mzee wetu Yusuf alikuwa Mkamba wa Masii aliyesilimu akiwa kijana, akinunua ngozi vijijini na kuziuza mjini Machakos. Wewe alikuoa nyumbani, nawe ukasilimu pamoja naye, ingawa lile jina la Mariamu lilibaki midomoni mwa shehe tu. Kila mtu alikuita Nduku. Mimi alinioa mjini miaka mingi baadaye, binti wa watu waliotoka Pwani zamani za babu. Wewe ulikuwa na shamba na mimi nilikuwa na nyumba karibu na msikiti. Baina yetu kulikuwa na barabara, na juu ya barabara hiyo alipita mzee na gari lake.

Gari lile tuliliita Mfaransa, kwa sababu lilitengenezwa kwao Ufaransa na kuletwa huku wakati sisi bado wasichana. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imechujuka, gia yake ilikuwa kwenye usukani, na milango yake ilifungwa kwa mlio mzito kama wa sanduku la bibi harusi. Ulinitumia ndengu na mbaazi ndani ya gari hilo, nami nikakutumia sukari na vitambaa. Neno halikupita. Mzee akifika kwangu na gunia alisema, "Hii imetoka Masii." Hakusema imetoka kwa Nduku. Nawe, uliniambia baadaye, ulipopokea sukari uliambiwa, "Hii imetoka mjini."

Nilikuonea wivu kwa jambo moja ambalo sikuwahi kukueleza ukiwa hai. Mimi alinifunza kuendesha gari lile, na mji mzima uliniona nikikaa nyuma ya usukani. Lakini kulitengeneza alilitengenezea kwako. Kila lilipougua alisema, "Nalipeleka Masii," na nilijua kwamba huko wewe uko chini ya gari pamoja naye, mnashikiana taa na spana, mnazungumza mambo yenu. Kumbe nawe, ukiwa huko chini, ulikuwa ukiionea wivu miguu yangu.

Mfaransa alikuja na breki za zamani, zile za ngoma, magurudumu yote manne. Zilikuwa nzuri kwenye barabara tambarare. Siku moja tukiteremka kutoka milima ya Iveti, mimi na mzee, breki zilipata moto, na kila alipokanyaga, pedali ilishuka bila gari kupunguza mwendo. Mzee akatia gia ndogo, injini ikapiga yowe, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo mwekundu mpaka likasimama. Vumbi likatuingia madirishani. Kisha akasema, "Rehema, natia breki za diski."

Alipata diski za mbele kwenye gari lililopinduka, mdogo wake Mfaransa, la kiwanda hicho hicho lakini la miaka ya baadaye. Akazibeba Masii na kazi akaifanya mwenyewe bandani. Aliporudi mjini pedali ilikuwa laini kama unga uliokandwa. "Kanyaga mara mbili mbili, itashika," aliniambia. "Itakaa sawa yenyewe." Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha siku hizo, kwa kuwa mgongo ulimsumbua, au ndivyo alivyosema. Nilikanyaga mara mbili mbili. Haikupita hata miezi mingi, ugonjwa wa sukari ukamlaza hospitali, na hakutoka.

Tulikaa eda, wewe kwako na mimi kwangu. Tulipomaliza, Mfaransa alikuwa bandani kwako akilaliwa na kuku, na mvua ikaanza kunyesha. Mwaka ule mvua ilinyesha kama ambavyo haijawahi kunyesha Ukambani. Ndipo yule mwanamke auzaye vitunguu sokoni aliponiletea ujumbe wako: "Nduku wa Masii anasema uje uone gari." Nilimwuliza kama ana hakika ni mimi niliyeitwa.

Nilikukuta mlangoni mwa banda, leso umeifunga kiunoni, spana mkononi. Hukunisalimia, wala mimi sikukusalimia.

"Kulikuja mtu ya kununua," ulisema. "Aliendesha mpaka kwa geti, akarudi na miguu. Anasema hii gari haina breki."

"Najua haina."

"Musyoka naye anasema akirudi kutoka kazi mwisho wa mwezi, ataita watu wa vyuma chakavu waikatekate." Ulitazama chini. "Mimi sitaki. Wewe unataka?"

Nikasema sitaki.

"Basi ingia ndani ukanyage. Hii kazi ya kutoa hewa ni ya watu wawili. Wewe uko na mguu, mimi niko na mkono."

Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyokuwa tumepata kufanya maishani mwetu.

Nilikaa kwenye kiti. Wewe ukalala chini kando ya gurudumu la mbele, na kitu pekee nilichokiona kwako ni nyayo zako, zimepasuka visigino, vidole vimejaa udongo. Ulikuwa umechomeka kijipira kwenye skrubu ya kutolea hewa na kukitumbukiza ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia hapo hapo. Usiachilie mpaka niseme."

Spana ikagusa chuma, pedali ikazama polepole chini ya mguu wangu mpaka sakafuni, nikasikia mapovu yakibubujika chupani kama soda.

"Achilia. Kanyaga tena."

Tulifanya hivyo mpaka mapovu yakaisha. Ulipoinuka ulikuwa na mafuta kwenye nyusi. Nilikanyaga kujaribu, na pedali ilikuwa laini vile vile. Ulidhani nakukejeli, ukanitoa kwenye kiti, ukakanyaga mwenyewe, ukasema "Aiya!" na huo ndio mwisho wa siku ya kwanza.

Nililala kwako kwa kuwa mto ulikuwa umefurika. Kesho yake tukaanza upya. Ulipapasa kila bomba kutafuta uvujaji, na kila mahali palikuwa pakavu. Ukasema labda ni ngoma za nyuma, zimelegea, zinakula pedali bure. Ukazikaza mpaka gurudumu likawa linakwaruza kidogo likizungushwa. Pedali ikapanda kidogo, lakini ulaini wake haukwisha. Tukatoa hewa tena. Mapovu hayakuwapo. Ulikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukalitazama lile gari kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekataa kula.

"Hewa iko," ulisema. "Hii si breki ngumu, hii ni hewa. Lakini haitoki. Imejificha wapi?"

Mimi sikujua lolote la chini ya gari. Nilikuwa nimeshika ile chupa ya mafuta, nimeilaza mkononi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilikuwa nikilitazama lile povu moja kubwa linavyokimbilia upande wa juu kila nilipoigeuza. Wewe ukanitazama mkono. Ukaitazama chupa. Ukasimama ghafla, ukaenda kwenye gurudumu la kushoto, ukapiga magoti, kisha ukazunguka kwenda la kulia.

"Mama Zuhura," ukasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Zamani, hata kwa watoto wako, uliniita yule wa mjini. "Mama Zuhura, njoo uone. Skrubu inaangalia chini."

Nilikuja nikainama. Kile chuma kinachobana diski, kalipa, kilikuwa na skrubu yake upande wa chini. Ukanieleza kwa vidole: skrubu lazima ikae juu, kwa sababu hewa hukaa juu. Ikikaa chini, utatoa mafuta mpaka uchoke, hewa imetulia pale juu inakucheka. Kalipa ya kushoto ilifungwa kulia, na ya kulia kushoto.

Nilifurahi, kwa kuwa kosa limepatikana. Niligeuka nikakukuta bado umeikazia macho ile skrubu.

"Mzee ndiye alinifunza," ulisema. "Yeye mwenyewe. Akaniambia, Nduku, usahau jina lako lakini hii usisahau, skrubu iko juu. Sasa yeye atasahau aje?"

"Labda alichoka."

"Hii si kuchoka. Mtu akiangalia tu anaona."

Ukaketi tena kwenye ndoo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na ilitubidi kusogeleana ili kusikizana. Ukaniambia siku ile alipotia diski alikufukuza. Miaka yote mlifanya kazi pamoja, lakini siku ile alikwambia ukapike chai, akafunga mlango wa banda. Ulipochungulia ulimwona anapapasa nati moja moja kwa vidole, midomo inacheza. Ukadhani anaomba dua.

Ukaniuliza, "Kwako huko, nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi. Alisema mgongo."

"Hakuna siku aliniambia juu ya mgongo."

Nikakumbuka mengine. Nikakumbuka jinsi msahafu ulivyokaa umefungwa mapajani mwake, naye akisoma kwa moyo. Jinsi alivyoniambia nimsomee ujumbe wa wafanyabiashara wenzake, eti miwani imepotea, na miwani iko mfukoni. Jinsi alivyongoja nitangulie kwenye ngazi. Nilikwambia hayo yote, nawe ukaongeza yako, kwamba kwako alikuwa akimwaga chai pembeni ya kikombe na kumsingizia paka. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya habari. Wewe ulidhani mimi najua kila kitu kwa sababu mimi ndiye kipenzi, nami nilidhani wewe unajua kwa sababu wewe ndiye wa kwanza. Katikati yetu mzee alikuwa akipofuka peke yake, akitupa kila mmoja wetu uongo wake mdogo ili tusimwonee huruma. Na mtu asiyeona akatutengenezea breki, kwa kuwa aliogopa ule mteremko wa Iveti usije ukaniua.

"Si wewe tu," ulisema nilipolitamka hilo. "Mimi pia nilikuwa napanda hiyo gari."

Ndipo tukalia. Siku ya maziko yake tulilia kila mmoja na watu wake. Siku ile tulilia kwenye banda la kuku, mikono yetu imejaa mafuta, hatukuweza hata kufutana machozi.

Tulizibadilisha kalipa, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia. "Kanyaga," ukasema, nami nikakanyaga, na hewa iliyotoka ilipiga chafya chupani hata ukacheka. Pedali ikapanda, ikasimama imara chini ya mguu wangu. Musyoka aliporudi mwisho wa mwezi alitukuta tumepakia magunia ya ndengu, mimi kwenye usukani na wewe kiti cha kushoto, hukumpa hata nafasi ya kuuliza.

Lakini Mfaransa alikuwa bado hajamaliza na sisi. Nusu ya njia kuja mjini, gari likaanza kuwa zito. Nilikanyaga mafuta zaidi, likazidi kuwa zito. Kisha ikaja harufu ya kuungua, na moshi ukatoka magurudumu ya mbele. Tukasimama kando ya barabara. Breki zilikuwa zimejishika zenyewe, na mguu wangu ulikuwa mbali na pedali.

Wengine wangekimbia. Wewe ulitoa spana ndani ya kiondo, ukatemea mate kwenye gurudumu kupima joto lake, ukafungua ile skrubu kidogo. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na gurudumu likawa huru.

"Umeona?" ulisema. "Si diski imeharibika. Presha imefungiwa ndani, haina njia ya kurudi."

Tukangoja vyuma vipoe. Nilikuwa na chai kwenye thermosi, tukainywa kwa kifuniko kimoja kwa zamu. Watu waliopita walitutazama sana, wajane wawili wa mtu mmoja wamekaa ukingoni mwa mtaro. Ulisema, "Mzee ametuachia kazi, huyu," nami nikacheka mpaka chai ikanipalia, na wewe ukanipiga mgongoni kwa kiganja kizito, kama mtu anayekung'uta gunia.

Bwana Abdi, yule mfanyabiashara wa vipuri mjini, ndiye aliyetueleza. Ile pampu ya breki ilikuwa bado ya zamani, ya ngoma. Ndani yake mna kijivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye mabomba hata ukiondoa mguu, kwa sababu ngoma zinapenda hivyo. Diski hazipendi. Diski zikibakiziwa presha zinajisugua mpaka zinaungua. Akatutafutia pampu ya yule mdogo wake Mfaransa, yenye njia ya diski mbele na njia ya ngoma nyuma, nawe ukaifunga uani kwangu, majirani zangu wote wakichungulia juu ya ukuta.

Baada ya hapo tulikuwa watu wa barabarani. Siku za soko tulikwenda Masii, na mara nyingine mpaka Kithimani kufuata vitunguu na nyanya. Hukunifunza kazi ya chini ya gari. Nilijifunza kwa kukupa spana. Nami nilijaribu kukufunza kuendesha ukakataa, ukasema ukishajua kuendesha mimi nitapata wapi sababu ya kuja. Ulilala kwangu kila mvua ikinyesha, ukala pilau yangu na kulalamika kwamba mchele haushibishi, ukaniomba isyo. Nilijifunza kuchemsha mahindi na maharagwe kwa ajili yako. Siku hizi sina wa kumchemshia, na sufuria ile kubwa nimeigeuza kifudifudi juu ya kabati.

Kifo chako hakikutupa nafasi ya lolote. Wiki yote ulikuwa mzima; tulikuwa tumezungumza kwenye simu ya Musyoka juu ya bei ya mbegu. Asubuhi ulitoka kwenda kufungulia ndama, ukakaa chini, hukuinuka. Nilipofika na Mfaransa ulikuwa umeshaoshwa.

Miezi baadaye gari likaanza kuvuta kushoto. Nikikanyaga breki, pua inakimbilia mtaroni. Zuhura akaniambia, "Mama, peleka gereji, au uza." Niliinua gari kwa jeki uani, nikajiuliza ungeuliza nini. Likivuta kushoto, maana yake kushoto kunashika na kulia hakushiki. Pedi za kulia zilikuwa nzuri. Kalipa ilikuwa inacheza vizuri. Nikaufuata mpira wa breki kwa vidole, kama ulivyokuwa ukifanya, na karibu na mwisho wake nikaukuta umevimba, laini kama tunda lililoiva kupita kiasi. Ndani ulikuwa umejifunga, mafuta hayapiti. Nikanunua mpya nikaufunga. Nao haukuvuja.

Kisha ikabaki kutoa hewa.

Nilimwita binti wa jirani. Alikanyaga, nikamwambia ashikilie, simu yake ikalia akaachilia kabla sijafunga skrubu, na hewa yote ikarudi ndani. Tulijaribu tena, akaniuliza itachukua muda gani. Nilimshukuru nikamwacha aende. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikakanyaga mwenyewe, nikashikilia, na hakukuwa na mtu chini. Sikuwahi kujua kwamba nyumba inaweza kunyamaza kiasi kile mchana kweupe.

Nikaenda kwa Bwana Abdi. Nikamwambia nataka mtu wa kunisaidia, yeyote anayejua kufuata maneno. Akatikisa kichwa.

"Mama, si lazima mtu. Wewe fungua hiyo skrubu, weka mpira kwa chupa, jaza mafuta huko juu, halafu wacha idondoke yenyewe. Ni polepole, lakini hewa inatoka. Usiache tu mafuta iishe huko juu."

"Yenyewe? Bila kukanyaga?"

"Yenyewe. Hata yule mwenzako mimi nilimwambia hivyo, ile mwaka ya mvua. Alikuja hapa kununua mafuta ya breki, akaniuliza itakuwa aje kama hakuna mtu ya kukanyaga. Nikamweleza hivi hivi. Yeye akasikiza mpaka mwisho, akasema, nesa, ni vizuri, nimeelewa, lakini mimi niko na mtu."

Nilimwuliza ilikuwa kabla au baada ya kuleta gari mjini.

"Kabla. Gari ilikuwa bado kwake Masii, mvua ndiyo ilikuwa inaanza." Akanitazama. "Huyo mtu si ulikuwa wewe?"

Nilinunua mafuta nikaondoka. Sijui nilivukaje barabara.

Dada Nduku, ulikuwa hujanisalimia hata mara moja wakati ulipomwambia Abdi maneno hayo. Mimi nilikuwa mjini nikihesabu makosa yako, na wewe ulikuwa dukani umesimama na chupa ya mafuta mkononi, umeshaambiwa namna ya kuifanya kazi ile peke yako, kimya kimya, bila kumhitaji yule wa mjini. Kisha ukamtuma mwuza vitunguu aniite.

Nilifanya kama Abdi alivyosema. Niliweka kigoda kando ya gurudumu, nikafungua skrubu, nikaangalia mafuta yakidondoka chupani tone kwa tone, na kila baada ya muda kijipovu kimoja kikipanda. Nilijaza juu, nikakaa, nikajaza tena, mchana mzima. Mwanzo nilikukasirikia. Nilisema kwa sauti, "Kwa nini hukuniambia?" Kuku wa jirani wakanitazama. Baadaye hasira iliisha ikabaki hamu tu, hamu ya kukusikia ukinifokea kwamba nimejaza mafuta kupita alama.

Kazi ikakubali. Pedali ni ngumu na gari linasimama limenyooka.

Jana niliendesha mpaka Masii. Kwenye mteremko nilijaribu breki kwa nguvu, na Mfaransa akasimama katikati ya barabara kama aliyewekewa mstari, hakwenda kushoto wala kulia. Nikageukia kiti cha kushoto nikafungua mdomo nikwambie. Basi.

Musyoka alinifungulia geti. Akauliza, "Bado inashika?" Nikasema inashika. Akasema vizuri, akarudi kwenye redio yake. Yeye ni mwema, ananiita mama mdogo siku hizi, lakini ningemweleza nini? Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya udongo wa kaburi lako, ambao juu yake majani yameanza kuota, nikakueleza habari ya mpira uliovimba na ya kijivalvu na ya Abdi. Nilijisikia mjinga, mwanamke mzima akiuelezea udongo mambo ya breki, ndiyo maana sikumaliza, na ndiyo maana naandika.

Nilirudi mjini kabla ya magharibi. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikala nikiwa nimesimama.

Pumzika, dada. Walionipita siku ya maziko yako walidhani sina cha kupoteza. Waache. Mimi nimejua kwa kuchelewa, na ninalisema hapa mbele ya wote: niliishi miaka ile yote nikidhani niko peke yangu katika ndoa ile, kumbe nilikuwa na mtu.

Ni mimi mke mwenzako,
Rehema